Kutoka Unguja na Pemba kwenda kuangalia MotoGP Qatar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mashabiki wa visiwani waliochoka kuziona pikipiki kwenye skrini tu. Mengi yanahusu uwanja wa Lusail, nje ya Doha, kwa sababu kwa mtu wa Unguja au Pemba hakuna mbio za MotoGP, yaani mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, zilizo rahisi kuzifikia kuliko hizo. Angani ni muda wa saa 6 hivi, saa za Doha ni sawa na zetu, na chakula hakikupi wasiwasi. Kinachowaangusha watu wengi ni mpangilio wa tarehe: wananunua la mwisho kabla ya la mwanzo.

Kwani Afrika hakuna mbio hizi?

Kwa sasa hakuna. Mara ya mwisho MotoGP kuja bara letu ilikuwa Aprili 2004, uwanja wa Phakisa, Welkom, Afrika Kusini, siku Valentino Rossi aliposhinda mbio yake ya kwanza akiwa na Yamaha. Mwafrika wa kumshangilia yupo lakini: Brad Binder wa Afrika Kusini, namba 33. Mwaka 2023 alifikisha kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia. Ukimuona Lusail, mpigie kelele, maana wa kwetu ni wachache.

Mbio za Qatar zinakuwa mwezi gani?

Usiweke mwezi kichwani. Mwaka 2023 zilikuwa Novemba, 2024 zikawa Machi, 2025 zikawa Aprili. Kalenda hubadilika, na hata ikishatangazwa huweza kusogezwa. Angalia tovuti rasmi ya MotoGP, kisha angalia tena siku unayotaka kulipa. Picha ya kalenda uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp isikutoe pesa mfukoni.

Jambo jingine ni Ramadhani. Mwaka 2024 mbio zilikimbizwa Jumapili ya tarehe 10 Machi, na Ramadhani ikaanza huko Qatar kesho yake. Aliyekuwa na tiketi ya kurudi Jumatatu alifungua funga ya kwanza safarini. Linganisha kalenda mbili hizo kabla hujafanya lolote.

Nianze na lipi: tiketi ya mbio, viza au ndege?

Fuata utaratibu huu, hata kama kuna mtu anakuhimiza kwamba bei ya ndege inapanda leo.

Kwanza pasipoti. Iwe na muda usiopungua miezi 6 kuanzia siku utakayoingia Qatar. Kama huna, anza miezi kadhaa kabla. Fomu hujazwa mtandaoni kupitia Uhamiaji, na ada ya pasipoti ya kielektroniki imekuwa shilingi 150,000. Kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi: jina kwenye cheti cha kuzaliwa liko hivi, kwenye kitambulisho liko vile, cha mzazi kimepotea. Yarekebishe hayo kabla hujajaza fomu.

Pili, hoteli inayokubali kufutwa bila ya kukatwa pesa. Fomu ya viza inauliza mahali utakapolala, kwa hiyo lazima uwe na jibu. Kama unafikia kwa jamaa, naye atakuwa na sehemu yake ya kujaza, basi mwambie mapema, usimpigie simu wiki ya safari.

Tatu, viza. Mtanzania huomba kupitia mfumo wa Hayya wa serikali ya Qatar kabla hajasafiri, si pale uwanja wa ndege. Andaa pasipoti iliyoskaniwa ukurasa mzima, pembe zote nne zikionekana, na picha ya uso yenye nyuma nyeupe. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ya mwanga wa tochi ya simu uliopiga juu ya plastiki ya ukurasa ule ukafuta namba. Bima ya afya nayo ni lazima kwa wageni wa Qatar tangu Februari 2023.

Nne, tiketi ya mbio. Tano, ndege. Ukipata ndege inayobadilishika tarehe kwa ada ndogo, unaweza kuipandisha ikawa ya tatu. Isiyobadilishika ikae mwisho.

Naondokea wapi?

Uwanja wa Abeid Amani Karume, Kisauni, jengo la tatu la abiria. Qatar Airways huunganisha Zanzibar na Doha. Kuna njia ya Muscat kwa Oman Air, nayo wengi wetu wanaipenda kwa sababu wana ndugu huko wa kulala kwao siku mbili. Tahadhari ni moja: ukinunua vipande viwili vya safari kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji, na begi lako utalitafuta mwenyewe. Tiketi iwe moja, yenye namba moja ya uhifadhi.

Nipo Pemba. Nikishuka boti asubuhi, si naweza kupanda ndege jioni?

Kwenye karatasi inawezekana. Usifanye. Mbio zikiangukia Aprili unaingia msimu wa kusi, mkondo wa Pemba unachafuka, na safari ya Mkoani kwenda Malindi inaweza kuchelewa au kuahirishwa siku hiyohiyo. Ndege ndogo ya kutoka Chake Chake ni ya nusu saa tu, lakini nayo ina uzito wake wa mizigo na mvua ya masika haina adabu. Vuka siku moja kabla, lala Unguja. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo sana ukiipima na tiketi ya kimataifa iliyopotea.

Tiketi za mbio ziko za aina gani?

Ziko za eneo la wazi, ambapo unatafuta mwenyewe pa kusimama au kukaa. Ziko za jukwaa, zenye namba ya kiti. Ziko za wageni maalumu, zenye chakula na nafasi ya kupita karibu na gereji. Kwa kawaida tiketi moja ni ya siku tatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Tiketi ya kawaida haikuingizi padoki, yaani uwani nyuma ya gereji wanakoishi waendeshaji na timu. Ukiona mtu mtandaoni anauza "kadi ya padoki" peke yake, bei ya kutupa, kimbia. Kadi hizo hutolewa kwa jina.

Nunua kwa uwanja wenyewe au kwa muuzaji aliyetajwa kwenye tovuti ya MotoGP. Tiketi huja kama msimbo wa mraba kwenye simu. Ipige picha ya skrini, uiweke kwenye simu ya mwenzako pia, na uchapishe nakala moja pale Darajani ukae nayo mfukoni. Langoni usiku, mtandao umejaa na betri iko asilimia 4, karatasi ile itakuwa na thamani kuliko simu.

Kadi yangu inakataa kulipa. Kwa nini?

Mara nyingi kadi ni nzima, ila haijafunguliwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi, au kiwango chake cha siku ni kidogo kuliko bei ya tiketi. Nenda benki au piga simu waifungue na wakupandishie kiwango. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu hufaa pia, lakini weka salio lililozidi bei kidogo, maana ubadilishaji wa fedha una makato yake. Ukikataliwa mara tatu mfululizo, simama. Mfumo unaweza kukufungia, na tiketi uliyokuwa umeikamata ikarudi sokoni.

Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola: dola 1 ni riyali 3.64, kila siku. Kwa hiyo hesabu yako yote ifanye kwa dola, ununue dola Unguja, ubadilishe Doha. Shilingi yetu usiitegemee huko.

Saa zilizoandikwa kwenye ratiba nizisomeje?

Ratiba huandikwa kwa saa 24. Toa 6: 17:00 ni saa 11 jioni. Ikizidi 12, toa na 12 tena: 20:00 inakuwa 14, kisha saa 2 usiku. Kwa kuwa Doha na Zanzibar zina saa moja, hakuna la kuongeza.

Hatari iko kwenye ndege. Tiketi ikisema 01:30 tarehe 14, hiyo ni saa 7 na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 14, na wewe unatakiwa uwe uwanja wa ndege usiku wa tarehe 13. Kila msimu kuna mtu anakwenda usiku wa tarehe 14 akaambiwa ndege yake ilishafika zamani.

Kuna haja ya kwenda Ijumaa na Jumamosi, au Jumapili inatosha?

Anayekwenda Jumapili tu ameuza theluthi mbili ya starehe yake. Ijumaa watu ni wachache, unaweza kuzunguka uwanja, ukajaribu pembe mbalimbali kabla hujajua wapi utakaa siku kubwa.

Ijumaa kuna mazoezi mawili. La kwanza ni la kujipanga, halina hesabu. La pili ni la saa nzima na ndilo lenye moto: waendeshaji 10 wenye muda bora wanaingia moja kwa moja kwenye mchujo wa pili wa Jumamosi, unaopanga nafasi za mbele za kuanzia mbio. Waliobaki wanapigania nafasi mbili tu za kuingia humo, katika mchujo wa kwanza. Kila mchujo ni dakika 15. Dakika tano za mwisho za zoezi lile la Ijumaa ndizo za kuangalia, maana wote wanavaa matairi mapya laini na kutoka kwa pamoja.

Lusail ina kituko chake hapo. Zoezi la kwanza mara nyingi huwa la mchana, lami ina joto na mchanga wa jangwani umetanda juu yake. Pembeni wamepanda nyasi za bandia kuuzuia mchanga, lakini upepo hauombi ruhusa. Zoezi la pili ni la usiku, lami imepoa, na mstari wanaopita umeshafagiliwa na matairi. Muda wa mchana usikudanganye: anayeongoza saa 10 alasiri anaweza kuwa wa 14 ikifika usiku.

Jumamosi kuna mchujo, kisha mbio fupi. Hizi zilianza 2023: nusu ya mizunguko, nusu ya pointi. Mshindi anapata 12, wa pili 9, wa tatu 7, mpaka wa tisa anapata 1. Lusail ni mizunguko 11, dakika 20 hivi, na hakuna anayehifadhi tairi. Kwa mgeni mimi ningesema hizi ndizo tamu zaidi, ingawa wapenzi wa zamani hawataki kusikia.

Jumapili kuna madaraja matatu, kuanzia dogo: Moto3 wenye injini ya cc 250 ya silinda moja, Moto2 wenye injini ya Triumph ya cc 765, halafu MotoGP wenyewe wa cc 1,000: mizunguko 22 ya kilomita 5.38, inayomalizika kwa dakika 41 au 42. Mshindi anachukua pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16. Moto3 usizidharau, wanakuja kumi kwa pamoja kwenye kona moja na hujui nani atatokea mbele. Mwaka 2025 mbio fupi na ndefu zote za MotoGP zilianza saa 2 usiku.

Nikae upande gani?

Uwanja una kona 16, kumi za kulia na sita za kushoto, na sehemu moja ndefu iliyonyooka ya mita 1,068 mbele ya gereji.

Ukikaa jukwaa kuu katikati ya mnyooko huo, utaona mstari wa kuanzia, gereji, na jukwaa la washindi. Pikipiki zenyewe utaziona kama mshale: zinapita kwa zaidi ya kilomita 340 kwa saa, na kabla hujajua ni nani, ameshaondoka. Kwa mtu anayetaka sherehe na picha za washindi, hapo ndipo.

Anayetaka kuona ufundi asogee mwisho wa mnyooko, kwenye kona ya kwanza. Hapo mwendeshaji anainuka, kifua kinakuwa tanga, na kwa sekunde chache tu mwendo unashuka hadi karibu na ule wa gari kwenye barabara nzuri. Tairi la nyuma linanyanyuka au linatambaa pembeni, mguu wa ndani unatolewa nje ukining'inia. Diski za breki za mbele ni za kaboni na kwenye breki kali huweza kuonekana nyekundu usiku. Hilo mbio za mchana hazikuonyeshi. Wengi wa kupita wenzao wanapitia hapo, kwa sababu anayefuata hukaa nyuma ya mwenzake kwenye mnyooko, hewa ikampasulia njia, kisha akatoka ubavuni wakati wa breki.

Kona ya mwisho, ya 16, ni nzuri kwa mtu anayependa kusikia injini. Angalia nyuma ya pikipiki inapotoka pale: inachuchumaa. Kuna kifaa kinachoshusha sehemu ya nyuma ili gurudumu la mbele lisiruke, na nguvu yote iende ardhini. Kifaa hicho kinapigwa marufuku kuanzia 2027.

Popote utakapokaa, hakikisha unaiona skrini kubwa. Kila mwendeshaji anakupitia mara moja kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi. Bila ya skrini, muda uliobaki wote unaangalia lami tupu.

Kwa nini mtu anamaliza wa pili halafu jina lake linashuka?

Hili lilitokea hapohapo Lusail, Aprili 2025. Maverick Viñales aliongoza mizunguko kadhaa, akamaliza wa pili nyuma ya Marc Márquez, watu wakashangilia, kisha akaongezewa sekunde 16 na kuangukia nafasi ya 14. Kosa lilikuwa upepo wa tairi la mbele.

Tairi la mbele linatakiwa liwe na upepo usiopungua bar 1.8 kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya mbio ndefu, na asilimia 30 ya mbio fupi. Adhabu ni sekunde 16 kwa ndefu na 8 kwa fupi. Ugumu wake ni kwamba upepo unabadilika na joto. Mtu akiwa nyuma ya wengine anapigwa na hewa ya moto, tairi linachemka, upepo unapanda, na ukipanda sana tairi halishiki kona. Basi mafundi wanaojua mtu wao atakuwa katikati ya kundi wanamjazia upepo pungufu. Akitokea kuongoza peke yake kwenye hewa baridi ya usiku, tairi halipati joto na upepo unabaki chini ya kiwango. Ndiyo maana unaweza kumuona kiongozi anampisha mwenzake kwa hiari yake: anatafuta joto.

Kwa hiyo usitoke uwanjani mpaka matokeo yawe rasmi, hasa kama umeweka ahadi ya kumnunulia mtu chai.

Bendera zinasemaje?

Za kuzijua ni chache. Njano: kuna hatari mbele, hakuna kupita mwenzako. Nyekundu: mbio zimesimama, wote wanarudi gerejini. Buluu: nyuma yako kuna mtu anayekuzidi mzunguko, mpishe. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa: pikipiki yako ina kasoro, inavuja au inatoa moshi, toka njiani. Nyeupe: hali ya hewa imebadilika, ruhusa kuingia kubadilisha pikipiki yenye matairi ya mvua. Adhabu ya mzunguko mrefu haina bendera yake. Utamuona mtu anatoka nje kidogo kwenye kona kupita njia iliyochorwa, anapoteza sekunde mbili tatu, anarudi.

Kelele ni kubwa kiasi gani? Naja na mtoto.

Ni kubwa mno, bodaboda ya cc 150 usiilinganishe nayo. Vizibo vya sponji vinauzwa duka la dawa na vinatosha kwa mtu mzima, kama vimevaliwa sawa: kisokote kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe. Wengi wanakichomeka mlangoni tu, na kinaanguka mzunguko wa pili. Mtoto mdogo vizibo havimkai. Mnunulie vifuniko vya masikio vya kichwani, uvijaribu nyumbani siku kadhaa ili asivivue siku ya siku.

Nivae nini? Qatar si joto?

Mchana ndiyo. Usiku wa Machi unaweza kushuka mpaka nyuzi 18 na upepo wa jangwani juu yake, na jukwaa ni la chuma. Mtu aliyezoea usiku wa Mji Mkongwe atatetemeka. Beba sweta au koti jepesi la upepo, soksi, na kikoi cha kukalia. Mchana kofia na maji. Viatu viwe vya kufunga, utatembea sana.

Sala nitasali wapi?

Sehemu za kusalia zipo uwanjani. Ijumaa haina tatizo, shughuli kubwa zinaanza alasiri. Penye mgongano ni Magharibi na Isha, zinazoangukia baina ya mbio moja na nyingine; angalia ratiba ya siku hiyo, chukua udhu kabla ya foleni, na msafiri anajua ruhusa zake.

Nafikaje uwanjani kutoka mjini?

Panda metro, Laini Nyekundu, mpaka kituo cha mwisho cha kaskazini, Lusail QNB. Laini hiyohiyo ina tawi la uwanja wa ndege wa Hamad. Safari ni riyali 2, na kadi ya kusafiria ya kudumu ni riyali 10. Kutoka Lusail QNB bado uwanja uko mbali, si mwendo wa miguu. Tafuta mabasi ya mashabiki au teksi ya programu ya simu. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaingia uwanjani.

Kumbuka pia kwamba Qatar wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi, na barabara za Doha jioni zinajaa watu wanaorudi makwao. Anayetoka hotelini saa 11 jioni kwa mbio za saa 2 usiku ameshachelewa Moto2.

Nibebe nini, na nini nisithubutu?

Betri ya ziada ya simu iwe kwenye begi la mkononi, si la kupakizwa. Kadi ya homa ya manjano ichukue, haina uzito. Dawa za hospitali ziwe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na za maumivu makali zenye tramadol au kodeini ulizia kwanza, maana Qatar hawana mchezo nazo.

Halua ya kumpelekea shangazi Doha itie begi la kupakizwa. Mkononi itahesabiwa kama jeli na kopo linalozidi mililita 100 litabaki kwa askari. Karafuu za shamba ziache nyumbani. Biashara yake ina sheria zake Zanzibar, na kuzisafirisha bila kibali ni magendo hata kama ni zawadi.

Langoni mwa uwanja usipeleke droni, miguu mitatu ya kamera, wala chupa za vioo.

Picha zangu zinatoka ukungu. Nifanyeje?

Kwa kamera, ukitaka pikipiki kali na nyuma ikimbie, weka kasi ya kupiga picha sekunde 1/250 na uifuate kwa kiwiliwili chote, kuanzia kiunoni, ukibonyeza huku bado unageuka. Kosa la wengi ni kusimamisha mkono wanapobonyeza. Ukitaka kuigandisha kwenye kona, 1/1000. Taa za Lusail zina nguvu lakini bado ni usiku, kwa hiyo ongeza wepesi wa kamera kwa mwanga (ISO) hadi 3200 hivi na ukubali chengachenga kidogo. Wavu ukikuzuia, sogeza lenzi iuguse karibu kabisa na ufungue tundu la lenzi mpaka mwisho, nyaya zitayeyuka. Kwa simu, acha mnyooko, nenda kona ya polepole na upige mfululizo.

Naweza kurudi Jumapili usikuuleule?

Hesabu mwenyewe. Mbio zinaanza saa 2, zinamalizika karibu saa 3 kasorobo, washindi wanapanda jukwaa, watu wote wanaelekea mabasi yaleyale. Ukifika mjini saa 5 umejitahidi. Ndege inataka uwepo muda wa saa 3 kabla ya kuondoka.

Na mbio zenyewe haziahidi. Mwaka 2009 mvua ilinyesha Lusail dakika za mwisho, ikaonekana si salama kukimbia usiku taa zikimeta kwenye maji, na mbio za MotoGP zikasukumwa mpaka Jumatatu. Mwaka 2017 manyunyu yalichelewesha kuanza na mizunguko ikapunguzwa kutoka 22 hadi 20. Ndege ya Jumanne ndiyo ya mtu mwenye akili. Ya Jumatatu usiku ni ya mwenye kazi.

Na Malaysia je? Nasikia ni bora.

Sepang ni uwanja mzuri sana: kilomita 5.543, kona 15, mizunguko 20, karibu na uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur. Jukwaa lake kuu liko kati ya minyooko miwili, ukigeuka tu unaona upande wa pili. Chakula ni halali kila pembe. Lakini safari ni ndefu, joto lina unyevu kama wa Machi kwetu, na mvua ya alasiri ni jambo la kutarajia, kwa hiyo koti la mvua badala ya sweta. Wako mbele yetu kwa saa 5, basi mbio za saa 9 alasiri kwao nyumbani wanaziona saa 4 asubuhi. Indonesia nako kuna Mandalika, kisiwa cha Lombok, kwenye kalenda tangu 2022. Kwa safari ya mara ya kwanza, Doha.

Nisubiri 2027 kanuni mpya zikianza?

Mwaka huo injini zinashuka kutoka cc 1,000 hadi 850, matairi yanahama kutoka Michelin kwenda Pirelli, na mafuta ya mbio ndefu yanapungua kutoka lita 22 hadi 20. Unayetaka kuziona hizi kubwa, pamoja na kile kifaa cha kuchuchumaa, usichelewe. Unayependa kuona timu zote zinaanza upya na hakuna anayejua nani mkali, subiri. Vyovyote iwavyo, pasipoti ianze sasa.